Seti ya Nne Toulouse: Jinsi Mechi 555 za Jahangir Khan Zilivyojengwa na Zilivyokatika

Matokeo yenyewe ni mafupi: 9-5, 9-7, 7-9, 9-1. Ilikuwa Novemba 1986, mjini Toulouse, kusini mwa Ufaransa, fainali ya World Open ya skwoshi kwa wanaume wa kulipwa. Mshindi alikuwa Ross Norman wa New Zealand, mwenye umri wa miaka 27. Aliyefungwa alikuwa Jahangir Khan wa Pakistan, bingwa wa dunia mara tano mfululizo, ambaye hakuwa amepoteza mechi tangu Aprili 1981. Idadi inayotajwa kila mahali ni mechi 555 bila kufungwa. Igawanye kwa miezi ile yote na unapata takriban mechi 8 kila mwezi, mwaka hadi mwaka, katika mabara tofauti, bila siku mbaya hata moja.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna moja: alikuwepo mtu asiyeshindika, siku moja akateleza, mwingine akaokota. Mimi siukubali usimulizi huo. Ukizipanga alama za mechi kubwa za Jahangir moja baada ya nyingine, unaona ushindi wake ulikuwa na umbo moja linalojirudia. Umbo hilo lilitokana na mwili wake na pia na kanuni ya kuhesabu pointi iliyotumika enzi zile. Na Norman alishinda kwa kulichukua umbo hilohilo na kumgeuzia mwenyewe. Kwa hiyo lazima tuanze na kanuni, hata kama ndiyo sehemu ambayo wasimulizi wengi huiruka.

Korti ya skwoshi ya mpira laini ina urefu wa futi 32 na upana wa futi 21, kuta nne, watu wawili ndani. Waliowahi kuingia kwenye vilabu vya zamani vya Nairobi, Mombasa au Kampala wanaijua: chumba cheupe, mistari myekundu, na bati limepita chini ya ukuta wa mbele. Bati hilo ndilo mpaka. Mpira ukiligusa, umeukosa. Enzi za Jahangir lilikuwa na kimo cha inchi 19, na mpira wenyewe ni kidude cha raba kisichodunda vizuri mpaka kipigwe hadi kipate joto. Kuumaliza mpira kwa pigo moja katika mazingira hayo ni kazi. Unapiga, mwenzako anaufikia, anaurudisha, unapiga tena.

Halafu pointi. Seti ilikuwa ya pointi 9, na pointi aliipata yule tu aliyeanzisha mpira. Mpokeaji akishinda majibizano hakupata kitu ubaoni. Alipata haki ya kuanzisha, basi. Zikifika 8-8, mpokeaji ndiye aliyeamua seti iishie 9 au 10. Kwa kanuni hiyo watu wawili waliweza kukimbizana dakika kumi, jasho likadondoka sakafuni, na ubao wa alama usisogee. Hapakuwa na kikomo. Seti ya leo ya pointi 11, ambapo kila majibizano huzaa pointi, ikiisha 11-9 imekuwa na majibizano 20, hayapungui wala hayazidi. Seti ya zamani iliyoisha 9-7 ingeweza kuwa na majibizano 25 au 80. Alama peke yake haikwambii.

Kanuni ya namna hiyo inambeba mwenye pumzi. Mpiga mapigo ya hatari akiwa katika saa yake nzuri atakunyang'anya majibizano mengi, lakini yale anayoyashinda akiwa mpokeaji hayamwachii akiba yoyote ubaoni. Lazima ayashinde, kisha ashinde tena akiwa mwanzishaji, na tena, na tena. Anayeweza kurudisha mpira mmoja zaidi kila mara, kwa saa mbili, hana haja ya kushangaza watu. Anasubiri.

Jahangir alifikaje kuwa mtu wa kusubiri? Alizaliwa Karachi tarehe 10 Desemba 1963, katika ukoo wa Nawakille, kijiji kilicho karibu na Peshawar ambacho kimetoa mabingwa wa skwoshi kuliko nchi nyingi. Hashim Khan wa ukoo huo alitwaa British Open, mashindano makubwa ya skwoshi ya Uingereza, kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Roshan Khan, baba yake Jahangir, aliitwaa mwaka 1957. Lakini mtoto alizaliwa na ngiri, akafanyiwa upasuaji mara mbili kabla ya kubalehe, na madaktari wakaionya familia kwamba asijihusishe na michezo ya nguvu. Alichelewa kusema na alikuwa na matatizo ya kusikia. Mwaka 1979 wateuzi wa Pakistan hawakumweka kwenye timu ya kwenda Australia. Walimwona bado dhaifu. Akajiandikisha mwenyewe kwenye ubingwa wa dunia wa ridhaa mjini Melbourne, na akautwaa akiwa na miaka 15.

Wiki chache baadaye, Novemba 1979, kaka yake Torsam, naye mchezaji wa kulipwa, alianguka katikati ya mechi mjini Adelaide kwa mshtuko wa moyo na akafariki akiwa na miaka 27. Jahangir alifikiria kuuacha mchezo. Hakuuacha. Binamu yake Rehmat Khan, aliyekuwa akicheza kwa kulipwa akiwa London, aliweka kando safari yake mwenyewe ili amfundishe mdogo wake.

Ratiba waliyoiunda ndiyo mzizi wa kila kilichofuata. Mbio ndefu asubuhi, maili tisa au kumi kwa mwendo wa wastani. Kisha mbio fupi za kasi, zenye kupimwa kwa saa. Kisha vyuma. Kisha kuogelea ili kuupoza mwili. Siku tano kwa wiki hivyo, ya sita mechi za mazoezi, ya saba mapumziko. Alikimbia barabarani, mashambani, ufukweni, wakati mwingine maji yakiwa magotini, na akapanda nyanda za juu za kaskazini mwa Pakistan ambako hewa ni nyembamba. Mtoto aliyeambiwa mwili wake hautahimili ndiye aliyeamua kuufanya mwili huo kuwa silaha yake ya kwanza. Sioni kama ni jambo la ajabu. Ni uamuzi wa mtu aliyeambiwa mapema mahali udhaifu wake ulipo.

Aprili 1981 alikutana na Geoff Hunt wa Australia kwenye fainali ya British Open. Hunt alikuwa bingwa mkubwa wa kizazi kilichotangulia, naye pia alikuwa mtu wa mazoezi makali. Alimfunga kijana kwa seti nne katika mechi iliyopita saa mbili, na hilo likawa taji lake la nane na la mwisho la British Open. Hiyo ndiyo mechi ya mwisho Jahangir kupoteza kwa zaidi ya miaka mitano na nusu. Walipokutana tena Novemba mwaka huohuo, fainali ya World Open mjini Toronto, alama zilikuwa 7-9, 9-1, 9-2, 9-2 kwa Jahangir. Alikuwa na miaka 17, hajatimiza 18.

Ziangalie alama hizo za Toronto kwa makini. Seti ya kwanza anaipoteza kwa tofauti ndogo. Baada ya hapo Hunt anapata pointi 1, kisha 2, kisha 2. Mchezo wa Hunt haukupotea ghafla. Miguu ndiyo iliyokwisha. Seti ya kwanza ilikuwa gharama, na Hunt ndiye aliyeilipa ingawa aliishinda.

Ushahidi mzito zaidi wa umbo hili ni mechi ya mwaka 1983 mjini Chichester, Uingereza, dhidi ya Gamal Awad wa Misri. Awad alikuwa mwepesi mno, mtu wa kuufikia kila mpira, na aliingia kortini akijua kwamba Jahangir hashindwi kwa papara. Akaamua kusubiri naye. Seti ya kwanza peke yake ilichukua saa moja na dakika 11. Hebu ifikirie saa hiyo na dakika 11: wanaume wawili katika chumba cha futi 32 kwa 21, mpira ukitambaa kando ya ukuta kwenda nyuma na kurudi, kila mmoja akikataa kuwa wa kwanza kujaribu pigo la kumaliza, na haki ya kuanzisha ikihama mkono mmoja kwenda mwingine bila pointi. Awad aliichukua seti hiyo 10-9. Kisha 9-5, 9-7 na 9-2 zikaenda kwa Jahangir. Jumla, saa 2 na dakika 46, rekodi ya urefu wa mechi iliyodumu hadi mwaka 2015. Awad alimfunga Jahangir katika kazi ya Jahangir kwa seti moja nzima, na bado seti ya mwisho alipata pointi 2.

Sasa nenda Cairo, fainali ya World Open ya 1985. Mpinzani ni huyuhuyu Ross Norman. Alama: 9-4, 4-9, 9-5, 9-1. Norman anachukua seti ya pili, anabaki karibu kwenye ya tatu, na ya nne anapata pointi moja.

Toronto, pointi 2. Chichester, pointi 2. Cairo, pointi 1. Hili ndilo umbo ninalolisema. Aliweza kuonekana wa kawaida kwa seti moja, hata mbili, kisha seti ya mwisho ikamkuta mpinzani amekamuliwa kama nguo iliyofuliwa. Na kwa kuwa kanuni haikuwa na kikomo cha majibizano, muda wote wa kukamua ulikuwepo.

Hapa kuna swali ambalo mchambuzi mwaminifu lazima alijibu: je, simpunguzii sifa kwa kuitaja kanuni? Pengine Jahangir angeshinda vivyo hivyo kwa kanuni yoyote. Bahati nzuri jaribio lilifanyika, na alilifanya mwenyewe. Wakati ule Marekani na Kanada zilikuwa na skwoshi yao tofauti, ya mpira mgumu. Korti ilikuwa nyembamba, upana wa futi 18 na nusu. Bati lilikuwa la inchi 17, chini zaidi, kwa hiyo pigo la kumaliza lilikuwa rahisi zaidi kupata. Mpira ulikwenda kasi. Na pointi ilipatikana kwa kila majibizano, hadi 15. Kati ya 1983 na 1986 Jahangir aliingia kwenye mzunguko huo wa Amerika Kaskazini, ambao kwa miaka mingi ulitawaliwa na Sharif Khan, mtoto wa Hashim, na ambao sasa kinara wake alikuwa Mmarekani Mark Talbott. Alicheza mashindano makubwa 13. Alitwaa 12. Alikutana na Talbott fainali 11, akashinda 10.

Mtu aliyekulia kwenye mchezo mwingine akaingia kwa watu, kwenye korti yao, kwa mpira wao, akawashinda mara 10 kati ya 11. Anayetaka kusema Jahangir alikuwa tunda la kanuni tu, hapa hoja yake imekwama, na mimi nakubali. Ubora wake ulivuka kanuni.

Lakini tazama upande wa pili wa takwimu hiyohiyo. Katika mchezo wa pointi kwa kila majibizano, kwenye korti ambayo pigo la ghafla linalipa, alifungwa mara moja katika fainali 11. Kipindi hichohicho, mpaka Toulouse, kwenye mpira laini na kanuni ya 9, alifungwa mara sifuri. Kipigo cha Talbott hakiingii kwenye hesabu ya 555 kwa sababu ni mchezo mwingine. Kwangu tofauti hiyo ndogo inasema mengi: kanuni haikumpa ubora, ila ilimlinda na siku zake mbaya. Kila mchezaji ana siku ambayo mkono hauko sawa. Kwa kanuni ya Marekani, siku kama hiyo mpinzani mwenye moto anaweza kukuwahi kabla hujapata muda wa kujirekebisha. Kwa kanuni ya 9, muda ulikuwepo daima. Mfululizo wa 555 ni zao la mambo hayo mawili kwa pamoja, na ukiondoa moja unabaki na bingwa mkubwa sana ambaye hufungwa mara chache kwa mwaka.

Turudi kwa Norman, ambaye usimulizi wa kawaida humtendea kama mpita njia. Alizaliwa mwaka 1959, New Zealand, akaenda kutafuta riziki ya skwoshi Uingereza kama wengi wa huko. Mwaka 1983 aliumia goti vibaya akiruka kwa mwavuli. Jeraha la goti kwa mchezaji wa skwoshi ni zito kuliko kwa mwanariadha wa mbio za moja kwa moja, kwa sababu kila pointi inadai kuchuchumaa, kujipinda na kusukuma kurudi katikati ya korti. Alirudi, na akapanda hadi nafasi ya pili duniani. Nafasi ya pili nyakati zile ilikuwa na maana moja: wewe ndiye utakayefungwa na Jahangir fainali. Cairo 1985 alifungwa. British Open 1986 alifungwa fainali, seti tatu kwa sifuri. Alikuwa akisema wazi kwamba ipo siku Jahangir atakuwa chini kidogo ya kiwango chake, na siku hiyo yeye atakuwepo.

Maneno hayo yamezoeleka kusomwa kama ya mtu anayesubiri bahati. Nayasoma tofauti. Kuwepo siku hiyo kulikuwa na masharti. Lazima uwe umefika fainali, maana Jahangir hakuwa akiyumba raundi za mwanzo. Lazima uwe na pumzi ya kufika seti ya nne ukiwa bado unaweza kukimbia, jambo ambalo Hunt na Awad hawakuliweza. Na lazima uwe umeshafungwa naye mara nyingi kiasi cha kutotishika ukiwa unaongoza. Wapinzani wengi walipoteza seti zilizokuwa mikononi mwao kwa sababu walipofika pointi 7 walianza kujiuliza kama kweli inawezekana. Norman, kwa vipigo vyake vyote, alikuwa amelipia somo hilo.

Basi Toulouse. Norman anachukua ya kwanza 9-5. Hilo halikumshtua yeyote, Jahangir alishawahi kupoteza seti za mwanzo. Anachukua ya pili 9-7. Hapo ukumbi lazima ulibadilika, ila bado kulikuwa na kanuni ya 9 na bado kulikuwa na muda. Ya tatu Jahangir anaichukua, 9-7. Kwa yeyote aliyeijua historia, hii ndiyo sehemu ambayo filamu ilikuwa imeshaonyeshwa: mpinzani ametumia nguvu zake kupata seti mbili, ya tatu imemponyoka kwa tofauti ndogo, ya nne itakuwa 9-2, ya tano 9-1, na watu watakwenda nyumbani.

Ya nne ilikuwa 9-1. Ya Norman.

Ndiyo maana siukubali usimulizi wa kuteleza. Mtu aliyeteleza hupoteza seti ya mwisho 10-9, au 9-8, kwa mpira uliogusa bati au uamuzi wa refa. Pointi 1 katika seti ya nne ni ile alama ambayo Jahangir alikuwa akiwaachia wengine. Norman hakumshinda kwa mapigo ya ajabu yaliyomwahi kabla hajajipanga. Alimshinda mwishoni, mahali palepale ambapo Jahangir alikuwa hajawahi kushindwa tangu Hunt. Kwa mara ya kwanza tangu 1981, mtu mwingine ndiye aliyekuwa na akiba.

Kwa nini siku ile akiba ya Jahangir haikutosha? Mwenyewe alieleza baadaye kwamba shinikizo lilikuwa limeongezeka. Kila aliposhinda, watu walizidi kutaka kuona kama anafungika. Namwamini, lakini naongeza mzigo wa ratiba. Mechi 8 kwa mwezi za mpira laini, na juu yake misimu ya mpira mgumu ng'ambo ya Atlantiki, kuhama kila mara kutoka korti pana kwenda nyembamba na kurudi, kwa mtu ambaye mtindo wake wa kushinda ulikuwa kukubali mechi ndefu. Mtindo huo una bei hata kwa mshindi. Alikuwa bado hajatimiza miaka 23, ila mwili wake ulikuwa umebeba mechi za mtu wa 35.

Baada ya Toulouse hakusambaratika. Alikaa miezi mingine kadhaa bila kufungwa, mpaka Septemba 1987 Jansher Khan, kijana mwembamba kutoka Peshawar, alipomfunga Hong Kong. Jansher alikuwa na pumzi kama yake na miguu mipya zaidi, na mwaka huohuo akatwaa World Open mjini Birmingham. Mwaka 1988, Amsterdam, Jahangir alimlipa fainali: 9-6, 9-2, 9-2. Taji lake la sita la dunia. Umbo lilelile la zamani.

Kisha kanuni ikabadilika, na hapa ndipo naona jaribio la pili, lenye kushawishi kuliko la kwanza. World Open ya 1989 mjini Kuala Lumpur ilichezwa kwa seti za pointi 15, kila majibizano yakizaa pointi. British Open ikabaki na 9 kwa miaka kadhaa zaidi. Kwa hiyo kwa muda mfupi tulikuwa na bingwa mmoja, wapinzani walewale, na kanuni mbili sambamba. British Open ya 9: Jahangir alitwaa 1989, 1990 na 1991, akakamilisha mataji 10 mfululizo, na ile ya 1991 alimfunga Jansher fainali kwa 2-9, 9-4, 9-4, 9-0. World Open ya 15: hakuitwaa tena kamwe. Mwaka huohuo wa 1991, mjini Adelaide, Rodney Martin wa Australia, mpiga mapigo hodari, alimfunga fainali 14-17, 15-9, 15-4, 15-13.

Jansher aliimarika, umri ulisogea, Martin alikuwa na wiki ya maisha yake. Yote hayo yamo. Lakini tofauti ya 3 kwa 0 katika miaka hiyo mitatu hainiruhusu kusema kanuni ni jambo la pembeni. Baadaye bati la wanaume wa kulipwa likashushwa hadi inchi 17, na mwaka 2004 seti zikawa za pointi 11. Mechi ndefu hazikufa: rekodi ya Chichester ilivunjwa mwaka 2015 na Leo Au wa Hong Kong na Shawn Delierre wa Kanada, dakika 170, lakini walihitaji seti tano na ya mwisho ikaenda 16-14. Jahangir na Awad walitumia nne.

Mchezo wa jirani unasaidia kuona jambo hili kwa pembe nyingine. Raketiboli, ulioanzia Marekani, una korti ya futi 40 kwa 20, dari nayo inachezwa, mpira unadunda sana, na hakuna bati kabisa. Ukiupiga mpira chini kabisa ya ukuta wa mbele, unarudi ukiviringika sakafuni na hakuna binadamu wa kuurudisha. Nao kijadi ulimpa pointi mwanzishaji peke yake, lakini kwa kuwa majibizano ni mafupi, kanuni hiyohiyo ilimbeba mtu wa aina nyingine: mwenye mpira mkali wa kuanzisha. Ndivyo mzunguko wa wanaume wa kulipwa wa raketiboli ulivyompata Kane Waselenchuk wa Edmonton, Kanada, anayetumia mkono wa kushoto, aliyekaa kileleni misimu mingi kuanzia 2003-04. Utawala wake ulikuwa wa kumaliza mapema, sio wa kusubiri.

Na yuko Heather McKay wa Australia, ambaye nakiri ananipa kazi. Alitwaa British Open ya wanawake mara 16 mfululizo, 1962 hadi 1977, na katika maisha yake yote ya skwoshi alipoteza mechi mbili tu, za mwanzoni. Ungeweza kumweka fungu moja na Jahangir na kusema kanuni ya 9 ilimlinda. Lakini alihamia Kanada, akachukua raketi fupi ya raketiboli akiwa amepita miaka 35, na akatwaa ubingwa wa kulipwa wa Marekani mwaka 1980, 1981 na 1984. McKay ananilazimisha kusema hoja yangu kwa kiasi: kanuni huamua utawala utadumu kiasi gani na utakuwa na sura gani. Nani atatawala, hilo hubaki kwa mtu.

Ndiyo maana nasisitiza jina la Norman. Hakutwaa tena World Open, na katika orodha ya mabingwa yumo mara moja tu, kati ya mataji matano ya Jahangir na taji la kwanza la Jansher. Magazeti humtaja kama mstari wa mwisho wa habari ya mwingine. Talbott alimfunga Jahangir kwa mpira mgumu na pointi kwa kila majibizano. Martin alimfunga kwa seti za 15. Jansher alimfunga akiwa na miguu ambayo haikuwa imecheza mechi 555. Norman, mwenye goti lililowahi kuharibika, alimfunga kwa mpira laini, bati la inchi 19, seti za 9, Jahangir akiwa na miaka 22, na alimfunga seti ya nne kwa pointi 9 kwa 1.